Rungwe ilikuwa na bweni kabla ya Mwingereza

Kila Januari stendi ya Tukuyu hujaa tranka za bati, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, ndoo, mafagio na majembe. Mvua ya huku, ambayo kwa mwaka hupita milimita 2,000, haimsubiri mtoto apande basi. Hapa Kawetele mama hujitwika tranka hadi barabarani, na mtoto hukaza uso asije akalia mbele ya wenzake. Huko aendako atakuta kengele ya alfajiri, mstarini, viranja, mabweni yenye majina, prepu ya usiku na mwalimu wa zamu.

Tumezoea kusema hayo yote aliyaleta Mwingereza. Kengele na viranja ni vyake, sikatai. Lakini kijana kutoka kwa baba yake akaishi na wenzake wa rika moja hakukuanza naye. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na desturi hiyo, tena kwa mpango uliokamilika.

Mtoto wa kiume alianza kwa kuchunga ng'ombe wa baba yake, na usiku alilala nyumbani. Alipofika miaka 10 au 11 aliwaachia wadogo zake mifugo, akashika jembe la kulima shamba la baba, na jioni akaenda kulala katika kijiji cha wavulana. Walikijenga wenyewe pembeni mwa kijiji cha wazazi, vibanda vya matete na fito, kila mmoja akijenga kwa kadiri ya mikono yake. Waliwapokea wadogo zao kwa miaka kadhaa, kisha wakafunga mlango, na wale wadogo wakaanzisha kijiji chao. Wavulana wale walipooa, vibanda vilipisha nyumba za kweli na kijiji kikawa cha watu wazima, wenye rika lile lile, hadi uzeeni.

Chakula kilibaki kwa mama. Vijana walitembea kwa kundi, leo wanakula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mama aliyewapikia ndizi wanawe tu, akawaacha wenzao wakiangalia, alimwaibisha mtoto wake. Raha hiyo ya kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza huitwa ukwangala, na wazee waliihesabu kuwa ndiyo shule yenyewe. Kijana alijifunza adabu, hoja na ujasiri kwa kusikilizana na wenzake. Mtaalamu Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivi, kikachapishwa mwaka 1951. Wasichana hawakuwa na kijiji cha namna hiyo. Walikaa na mama zao hadi kuolewa.

Sasa tazama Uingereza. Shule ya Winchester ilianzishwa mwaka 1382, na Eton mwaka 1440 na Mfalme Henry wa Sita, ambaye alikusudia kusomesha wavulana 70 maskini bila ada. Baada ya muda matajiri wakaingiza watoto wao kwa kulipa, na shule hizo zikageuka kuwa za wakubwa. Humo ndani mdogo alimtumikia mkubwa: kuwasha moto, kupiga viatu rangi, kuchoma mkate, kupeleka ujumbe. Fimbo ilikuwa karibu. Thomas Arnold, aliyeongoza shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi 1842, alitaka kuzisafisha tabia za vijana. Aliwapa wanafunzi wa darasa la juu mamlaka ya kuwaongoza wenzao na jukumu la kuwajibika kwa mwenendo wao, huku kanisa la shule likiwa kitovu cha yote. Kiranja anayeita majina leo asubuhi katika shule yoyote ya Rungwe anatembea katika nyayo za mpango ule.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya bweni hili na lile. Katika kijiji cha wavulana mdogo alikuwa na mkubwa wake pia, lakini jioni ile ile alikula kwa mama yake au kwa mama wa mwenzake, na asubuhi alilima shamba la baba yake. Hakutengwa na watu wake. Shule ya Kiingereza ilimtenga mtoto makusudi, ili akitoka awe mtu wa tabaka jingine.

Mpango huo ulifika kwetu kupitia Tabora. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianzisha pale shule ya bweni iliyolenga hasa watoto wa machifu, kwa kuwa watawala walitaka machifu wa kesho waongee lugha yao. Wengine waliilinganisha na Eton. Julius Nyerere aliingia mwaka 1937, akitokea shule ya msingi Mwisenge, Musoma, na Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa chifu, naye alisoma hapo. Shule iliyokusudiwa kulea wasaidizi wa serikali ya kikoloni ikamlea Nyerere, mtu aliyekuja kuiondoa serikali hiyo.

Karibu zaidi na kwetu kulikuwa na Malangali, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Mufindi. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1928 chini ya Bryant Mumford, Mwingereza aliyetaka kujenga elimu juu ya mila za Wahehe, Wabena na Wasangu badala ya kuiga Uingereza. Wazee waliitwa kutoa mafunzo, na ngoma na mikuki vilikuwa sehemu ya masomo. Naheshimu nia yake. Hata hivyo nalielewa dukuduku la mzazi wa wakati ule: hakumpeleka mwanawe shule akajifunze mkuki, kwani mkuki ulikuwa nyumbani. Alitaka kalamu, na lugha ya ofisini, ili asidanganywe na karani.

Kalamu yenyewe Rungwe ilikuwa imeiona mapema. Wamishonari Wamoravian walifika chini ya mlima Rungwe mwaka 1891, mwaka ule ule waliofika wamishonari wa Berlin, wakafundisha kusoma kwa Kinyakyusa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa wamishonari Wajerumani mwaka 1916, wamishonari Waskoti wa Livingstonia walishika kazi kwa muda hadi Wajerumani waliporudi miaka kumi baadaye. Walimu wenyeji waliendelea kufundisha.

Walowezi wa Kizungu wa Nyanda za Juu Kusini nao walitaka shule ya watoto wao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikajengwa Iringa shule ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George, ya bweni, kwa mtindo wa kwao. Baada ya Uhuru ubaguzi wa rangi shuleni ukafutwa, na majengo yale yakawa shule ya Mkwawa, kisha mwaka 2005 chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1967 Nyerere aliandika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe na shamba na mwanafunzi asijione bora kuliko mkulima. Mtoto wa kijiji cha wavulana angeuelewa waraka ule mara moja, maana alishika jembe kila siku.

Vijiji vya rika vimekwisha. Ardhi imebanana, vijana wamekwenda migodini na mijini, na shule imeuchukua mchana wote. Aliyejenga kibanda chake mwaka 1945 akiwa na miaka 10 sasa amefika miaka 90. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa Rungwe mnaorudi likizo na tranka zenu: msimalize likizo kabla hamjakaa na mzee mmoja wa kitongoji chenu. Muulizeni walijenga wapi, nani alikuwa mkubwa wao, na walipenda kula kwa mama wa nani. Andikeni kwenye daftari, na jina la mahali msilisahau.