Kigego na Meno ya Plastiki: Historia ya Jino Lililoshitakiwa

Yapo maneno yanayoeleza jambo, na yapo yanayolihukumu. Kigego ni la kundi la pili. Ni jina la mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalitaja pamoja na imani kwamba mtoto huyo ana nuksi. Kwa sura, neno ni jirani wa gego, jino la nyuma la kutafunia. Kwa maana, lilikuwa hukumu.

Uzito wa hukumu hiyo unaonekana katika maandishi ya Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857. Aliandika kwamba mtoto wa namna hiyo aliuawa, au alitolewa kwa watu wengine, au aliuzwa kwa wafanyabiashara ya watumwa, kwa kuchelea kuwa angeleta maradhi na vifo nyumbani. Aliandika pia kwamba wengine pwani walimsomea Kurani kisha wakamwapisha asiwadhuru watu wake. Asiyeweza kusema aliapa kwa kutikisa kichwa. Hebu tafakari, msomaji: mtoto anyonyaye anakula kiapo!

Msafara wa Burton ulifika Ujiji Februari 1858. Kaskazini ya hapo huinuka nyanda za Buha, zilipo leo Kasulu, Kibondo na Gwarama. Kiswahili nacho kilishika njia hiyo ya misafara kuingia bara, kikiwa na misamiati yake ya heri na ya shari.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, jina jipya lilienea Tanzania: meno ya plastiki, ambayo wengine waliyaita meno ya nailoni. Safari hii hakushitakiwa mtoto, lilishitakiwa jino. Mtoto akiharisha na kupata homa, ufizi wake ulifunuliwa, na penye chonge palipovimba pakaonekana kitu cheupe. Kikaitwa plastiki. Mganga akakitoboa na kuking'oa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kumbe kile cheupe kilikuwa chipukizi la chonge la utotoni, ambalo kwa kawaida hutokeza baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mwaka 1992 Hiza na Kikwilu walichapisha utafiti kuhusu watoto wa kijiji cha mbali nchini Tanzania waliokosa meno kwa sababu hiyo. Na tangu 1969 Pindborg alikwisha kuandika juu ya desturi kama hiyo nchini Uganda. Wapo waliopoteza damu nyingi, wapo waliopata pepopunda, na wapo waliokufa.

Tusidhani kosa hili ni la Afrika peke yake. Ambroise Paré, mpasuaji wa Ufaransa wa karne ya 16, alichana fizi za watoto ili meno yapite. Mwaka 1839, vifo zaidi ya 5,000 vya Uingereza na Wales viliandikwa kuwa vimesababishwa na kuota meno.

Kwa nini jino lishukiwe kila mahali? Kwa sababu ya majira yake. Jino la kwanza huchomoza karibu na mwezi wa sita, wakati kinga aliyoipata mtoto kwa mama inapopungua, uji unapoanza, naye anaanza kutambaa na kutia kinywani kila anachookota. Kuhara na homa huja msimu huohuo. Jino huonekana, kijidudu hakionekani.

Mtoto anayeota meno hutoka udenda, husumbuka na kutafuna vitu. Husaidiwa kwa kusuguliwa ufizi kwa kidole kilichooshwa, kupewa kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi yaliyochemshwa akitafune, kufutwa udenda, na kuendelea kunyonyeshwa. Homa kali au kuhara si kazi ya jino: apelekwe zahanati apimwe malaria, apewe maji yenye chumvi na sukari ya ORS.

Nasi wapenzi wa lugha tuna sehemu yetu. Mama wa Gwarama anayebembeleza mtoto kwa Kiha atalipokea pia neno la Kiswahili atakaloambiwa na jirani. Akiambiwa “anaota meno”, atasubiri na kumtazama mwanawe. Akiambiwa “ana meno ya plastiki”, atatafuta wa kuyang'oa. Kigego na tukihifadhi kamusini, pamoja na habari za watoto waliolibeba. Meno ya plastiki tusiyataje bila kueleza kwamba yalikuwa meno ya kweli.