Altrasaundi si ya mimba tu

Ukiambiwa "kapige altrasaundi", wengi tunafikiria mimba. Kumbe historia yake inaanzia kwenye vyuma. Mwaka 1953 huko Lund, Uswidi, daktari wa moyo Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima mashine ya kutafuta nyufa ndani ya chuma, wakaielekeza kifuani. Mwangwi ukarudi, ukionyesha moyo unavyocheza. Mwaka 1958, Ian Donald na wenzake wa Glasgow wakachapisha picha za tumbo. Mama mmoja aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika alikutwa na uvimbe wa maji kwenye ovari, akapasuliwa, akapona.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini inatuhusu nini? Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta VVU kwa zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima Iringa, na zaidi ya 9 Mbeya. Kwa mwenye VVU, kifua kikuu mara nyingi hujificha nje ya mapafu, na makohozi yakipimwa hayaonyeshi kitu. Ndipo madaktari walioko Afrika Kusini wakapanga kipimo kifupi cha altrasaundi: tazama maji kuzunguka moyo, tezi zilizovimba tumboni, madoa kwenye wengu na ini. Kinafanyika kando ya kitanda, dakika chache tu.

Maji yakibana moyo, mgonjwa wa Mbeya hawezi kusubiri safari ya Dar, zaidi ya kilomita 800. Kwa hiyo tukiuliza kama hospitali ina mashine, tuulize pia: anayeishika amefundishwa kutazama moyo na wengu, au mimba tu?