Dola 490 za Paquete Habana

Tarehe 25 Aprili 1898, chombo kimoja cha wavuvi kilikuwa kinarejea Havana na samaki hai tumboni. Urefu wake ulikuwa futi 43 kwenye mkuku, uwezo wake tani 25, na watu wake walikuwa watatu tu pamoja na nahodha, wote Wakuba. Kiliitwa Paquete Habana. Kilikuwa kimeng'oa nanga mwezi mzima nyuma, kikafuata pwani mpaka rasi ya San Antonio, ncha ya magharibi ya kisiwa cha Kuba, kikajibanza kati ya miamba na kuvua hapo kwa siku 25. Kikiwa kimebakiza maili 11 kufika nyumbani, karibu na Mariel, kilisimamishwa na manowari ya Marekani iitwayo Castine. Watu wale hawakuwa na habari kwamba kuna vita kati ya Marekani na Hispania. Wala hawakujua kwamba siku tatu kabla yake Rais McKinley alikuwa ametangaza kuizingira pwani ya kaskazini ya Kuba.

Kisa cha Lola kinaniuma zaidi. Hili lilikuwa jahazi la futi 51 lenye mabaharia sita, likitoka kuvua upande wa Yucatán na ratili elfu kumi hivi za samaki hai. Tarehe 26 Aprili manowari Cincinnati ililisimamisha karibu na Havana. Nahodha akakatazwa kuingia bandarini, lakini akaambiwa kwamba ataruhusiwa kushusha samaki wake Bahía Honda. Akatii, akageuza omo. Asubuhi ya pili yake, bandari aliyoelekezwa ikiwa karibu, manowari nyingine, Dolphin, ikamkamata. Alitii amri ya chombo kimoja cha jeshi akakamatwa na chombo kingine cha jeshi hilohilo.

Vyombo vyote viwili vilipelekwa Key West, Florida, vikahukumiwe na mahakama ya ngawira.

Mimi ni karani wa mahakama mstaafu na baba yangu alikuwa mvuvi wa Pangani, kwa hiyo kesi hii naisoma kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Karani ndani yangu anatazama utaratibu, na mtoto wa mvuvi anatazama wale samaki.

Utaratibu kwanza. Katika vita vya nchi kavu, mali ya raia haitakiwi kunyang'anywa. Baharini sheria imekuwa kali zaidi: meli ya mfanyabiashara wa nchi adui, hata kama haina bunduki moja, inaweza kukamatwa pamoja na shehena ya adui iliyomo. Lakini kukamata si kumiliki. Kamanda wa manowari hana ruhusa ya kuuza alichokikamata wala kugawa shehena pale pale sitahani. Anatakiwa akipeleke chombo bandarini na hati zake zote, mabaharia waulizwe maswali yaliyopangwa, mwenye mali apate nafasi ya kuleta dai lake, kisha hakimu aseme kama ni ngawira halali au kirudishwe kwa mwenyewe. Mpaka hapo ni amana. Kikihukumiwa kuwa ngawira ndipo kinapopigwa mnada, na wakati ule sheria ya Marekani iliwapa waliokamata fungu la fedha za mnada, kuanzia mkuu wa kikosi hadi baharia wa chini kabisa. Bunge la nchi hiyo lilifuta malipo hayo Machi 1899, kesi hii ikiwa bado inasubiri rufaa. Lilifanya vema. Mtu mwenye fungu katika mnada hawezi kuachiwa apime kama mvuvi aliye mbele yake ni adui au si adui.

Sharti la kufikisha chombo bandarini ndilo linalovunjwa upesi vita vikipamba moto. Sisi wa mwambao huu tunao mfano wa karibu. Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyotoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914, iliikamata City of Winchester tarehe 6 Agosti katika bahari ya Uarabuni, meli ya Waingereza iliyokuwa na shehena ya chai. Hakukuwa na bandari ya Ujerumani karibu ya kuipeleka. Makaa yake yakapakuliwa kwenye visiwa vya Khuriya Muriya, pwani ya Omani, kisha meli ikazamishwa. Hakimu hakuiona. Hiyo angalau ilikuwa meli kubwa ya kampuni kubwa. Chombo cha wavuvi watatu kikizamishwa hivyo, nani atakumbuka kwamba kilikuwapo?

Ndiyo maana naheshimu kilichofanyika Key West, ingawa hukumu yenyewe ilikuwa mbaya. Kila nahodha aliruhusiwa kuleta dai kwa niaba yake, ya mabaharia wake na ya mwenye chombo, na ushahidi ukaandikwa. Kwa ajili ya maandishi hayo tunajua leo kwamba wavuvi wale hawakuwa na silaha, hawakujaribu kukimbia na hawakupigana. Tunajua pia walivyogawana. Hawakulipwa mshahara: theluthi mbili ya samaki ilikuwa ya nahodha na watu wake, theluthi moja ya mwenye chombo. Mtu yeyote aliyekulia Pangani, Kilwa au Lamu anaelewa mara moja maana yake, kwa kuwa kwetu nako kuna fungu la chombo, fungu la nyavu na mafungu ya watu. Chombo kikikamatwa kabla ya kufika sokoni, nyumba za mabaharia wote zinalala njaa usiku uleule, na huyo tajiri mwenye chombo ndiye anayeumia kwa nafasi.

Tarehe 30 Mei 1898 hakimu wa Key West aliamua kwamba hakuridhika kuwa vyombo vya namna hii vina kinga, maadamu hakuna mkataba, sheria iliyoandikwa wala tangazo la kusema hivyo. Vikapigwa mnada. Paquete Habana ikaenda kwa dola 490 na Lola kwa dola 800. Katika jalada lote hakuna ushahidi mwingine wa thamani yake isipokuwa bei hizo. Nimeona minada ya mahakama, nami najua kwamba bei ya mnada husema zaidi juu ya waliohudhuria kuliko juu ya mali yenyewe.

Jeshi nalo lilikuwa na hoja, na si haki kuipuuza. Tarehe 28 Aprili Admirali Sampson aliipelekea Washington simu ya maandishi: wavuvi hawa ni mabaharia hodari, wengi wamekwisha kutumikia jeshi la maji la Hispania na wanaweza kuitwa tena, basi wazuiwe kama wafungwa wa vita. Ukitazama kwa jicho la vita, alikuwa na sababu. Lakini jibu alilopewa siku mbili baadaye lilikuwa jembamba kuliko ombi lake: wakamatwe wanaojaribu kuvunja mzingiro, na wazuiwe wale wanaoelekea kumsaidia adui. Wavuvi wengine hawakutajwa. Jaji aliyekuja kuandika hukumu ya rufaa alilishika jibu hilo kwa nguvu, akasema kwamba kama ruhusa ni ya kuwakamata hao, basi wasio hao hawakutakiwa kukamatwa.

Jaji huyo ni Horace Gray wa Mahakama Kuu ya Marekani, na hukumu ilisomwa tarehe 8 Januari 1900. Kabla ya kufika kwa wavuvi ilibidi ajibu swali ambalo karani yeyote angeliuliza: kesi ya dola 490 inapandaje mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi? Zamani kulikuwa na kiwango cha fedha, na kesi iliyo chini yake iliishia chini. Gray alionyesha kwamba sheria ya mwaka 1891 ilikuwa imeondoa kiwango hicho kwa kesi za ngawira. Watu wanaoisimulia kesi hii huziruka kurasa hizo. Mimi nadhani bila hizo pasingekuwa na kitu cha kusimulia, kwa sababu mvuvi daima atakuwa chini ya kiwango.

Kisha akafanya kazi ambayo sijaona hukumu nyingine ikiifanya kwa subira kama hiyo. Hakuwa na mkataba uliomfunga, wala sheria ya Bunge. Akaenda kuuliza wapiganaji wa miaka mia tano walikuwa wanawafanyia nini wavuvi wa adui. Akaanza na amri za Henry IV wa Uingereza za mwaka 1403 na 1406. Akaja kwenye mapatano ya 1521 kati ya Charles V na Francis I wa Ufaransa, waliokuwa vitani lakini wakakubaliana wavuvi wa heringi wa pande zote wavue kwa usalama, maana msimu ungepotea na maskini wangekosa chakula. Akamtaja Louis XVI, ambaye mwaka 1779, akiwa vitani na Waingereza, aliagiza wavuvi wao wasisumbuliwe mradi hawana silaha. Wamarekani wenyewe, walipopigana na Meksiko mwaka 1846, waliziacha mashua za wavuvi. Akamaliza na Japani, taifa lililokuwa limeingia karibuni katika meza ya wakubwa, ambalo mwaka 1894 lilitoa kanuni zake za ngawira na kuwasamehe wavuvi wa pwani.

Hakuficha yaliyompinga. Mwaka 1798 Uingereza iliamuru wavuvi wa Kifaransa na wa Kiholanzi wakamatwe, na jaji mkubwa wa ngawira wa zama hizo, Sir William Scott, akahukumu chombo kidogo cha Mholanzi kuwa ngawira. Scott alisema kwamba kuwaachia wavuvi ilikuwa desturi ya hisani tu, si sheria. Jibu la Gray ndilo moyo wa hukumu yote: miaka mia imepita, mataifa yameendelea kutenda hivyo, na hisani imekomaa ikawa haki. Mataifa yakiwaachia wavuvi vita baada ya vita, kizazi baada ya kizazi, mvuvi hadaiwi tena shukrani.

Majaji watatu, wakiongozwa na Jaji Mkuu Fuller, walikataa. Waliona kwamba kusamehe au kutosamehe ni uamuzi wa mwenye kuendesha vita, na kwamba vyombo hivi, vinavyosafiri mbali na kukaa baharini majuma kadhaa, si mashua za maskini wa ufukweni. Sikubaliani nao. Umaskini wa mvuvi haupimwi kwa urefu wa safari yake. Mara nyingi anayekwenda mbali ni yule ambaye samaki wa karibu wamemwishia.

Mahakama iliamuru fedha za mnada zirudishwe kwa wadai pamoja na fidia. Mwaka 1903 shauri lilirudi tena Washington, safari hii juu ya kiasi cha fidia na nani ailipe, na Jaji Holmes akaandika kwamba mzigo ni wa serikali ya Marekani.

Miaka minne baadaye, huko The Hague, kanuni hiyo ikaandikwa katika mkataba wa 11 wa mwaka 1907. Vyombo vinavyotumika kwa uvuvi wa pwani peke yake havikamatwi, na kinga inaenea hadi nyavu, matanga na samaki waliomo. Vikaongezwa vyombo vidogo vya biashara ya jirani kwa jirani, na hapo naona mashua zetu za kubeba nazi, boriti na chumvi kutoka bandari moja hadi nyingine. Mipaka ilikuwapo. Mwaka 1914 jaji wa Kiingereza Samuel Evans aliikubali kanuni lakini akaihukumu Berlin, jahazi la Kijerumani la heringi, kwa kuwa lilikuwa kubwa na lilivua mbali mno na kwao. Na Waingereza walipotangaza kuizingira pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia tarehe 1 Machi 1915, nahodha aliyejaribu kupenya mzingiro hakuweza kuitegemea kinga hiyo.

Kifungu kilekile cha The Hague kina sentensi ya mwisho ambayo haitajwi sana. Mataifa yaliyotia saini yaliahidi kutovitumia vyombo hivyo kwa kazi za kijeshi huku vikiachwa na sura yake ya amani. Ahadi hiyo haimhusu adui. Inaihusu serikali ya mvuvi mwenyewe, inayoweza kumpakilia bunduki chini ya nyavu na kumtuma baharini kama kawaida, na siku manowari ya kwanza itakapogundua bunduki hizo, kila ngalawa ya pwani ile itakuwa imepoteza kinga yake.