Davos: Mji Uliojengewa Wagonjwa

Ukitaja Davos leo, watu wanawaza mikutano ya matajiri na likizo za kuteleza kwenye theluji. Mimi nawaza kikohozi. Mji huu wa Uswisi ulikua kwa wagonjwa wa kifua kikuu waliofuata hewa kavu ya milimani. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa Sherlock Holmes, alimpeleka mkewe huko. Machi 1894 akavuka mlima kwa skii hadi Arosa, kisha akatabiri gazetini kwamba Waingereza watamiminika kwa mamia. Kweli, wakaja. Thomas Mann naye alimfuata mkewe mgonjwa mwaka 1912, akarudi na wazo la riwaya.

Tiba ilipopatikana, vitanda vikabaki vitupu. Schatzalp, iliyofunguliwa 1900 kuwatibu wagonjwa, ikageuzwa hoteli miaka ya 1950. Kwa hiyo ukilipia chumba chenye veranda ya juani, jua ilijengewa nani.