Heshima Iliyohama: Historia Fupi ya Kivumishi 'Old' katika Kiingereza

Miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza vinavyomtatiza mfasiri wa Kiswahili, 'old' ni kimojawapo. Aghalabu hufasiriwa kwa mzizi -zee, kana kwamba maneno haya mawili yana uzito mmoja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba sababu yake ni ya kihistoria: katika Kiingereza, heshima iliyokuwamo ndani ya neno la umri ililiacha neno hilo ikahamia kwingine, ilhali katika Kiswahili imebaki palepale.

Katika Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, neno hilo lilikuwa 'eald'. Wanaisimu hulihusisha na mzizi wenye maana ya kulisha na kukuza, mzizi ambao katika Kilatini ulizaa 'altus', yaani -refu, na pia neno ambalo Waingereza walilipokea kuwa 'adult'. Kwa hiyo, kwa asili yake, 'eald' ni aliyelishwa akakua; hapana dokezo la kuchakaa. Kutokana nalo likapatikana 'ealdor', yaani mkuu, na 'ealdorman', aliyetawala jimbo kwa niaba ya mfalme. Katika karne ya 11, zama za mfalme Cnut wa Denmark aliyetawala Uingereza tangu 1016 hadi 1035, nafasi ya neno hilo ilichukuliwa na 'earl'. 'Alderman' likabaki kuwa cheo katika mabaraza ya miji, na hata hicho kiliondolewa katika halmashauri nyingi za Uingereza na Wales mwaka 1974.

Badiliko jingine lilitokana na Kifaransa. Neno la Kilatini 'senior', maana yake aliyezidi kwa umri, lilipitia Kifaransa likawa 'sire', na Waingereza wakalifupisha kuwa 'sir'. Mwanafunzi wa Kenya amwitaye mwalimu wake 'sir', kwa asili ya neno, anamwita mzee bila kujua. 'Senior' lenyewe nalo likaingia Kiingereza na kuwa neno la vyeo. Hivyo heshima ya umri ikavaa vazi la kigeni, na 'old' likaachiwa kazi za nyumbani.

Masalio ya heshima ya awali yamo katika 'elder'. Hili ndilo umbo la asili la ulinganishi. Irabu yake ilibadilika kwa athari ya sauti ya i iliyokuwa katika kiambishi cha zamani. 'Older' liliundwa baadaye kwa kufuata umbo la 'old'. Leo 'older' hupima miaka tu, ilhali 'elder' husemwa kwa ndugu wa familia moja, kwa wazee wa kanisa na kwa viongozi wa jamii.

Likiisha kupoteza heshima, 'old' lilienea katika mazungumzo ya kila siku kwa maana nyingine. 'Old friend' ni rafiki wa siku nyingi, hata akiwa kijana wa miaka ishirini: kilichozeeka ni urafiki. 'My old school' ni shule aliyosoma msemaji, ijapokuwa majengo yake ni mapya. 'Good old' ni mapenzi, na 'any old thing' ni chochote kile. Lakini kumwambia mtu usoni kuwa ni 'old' ni kumvunjia adabu. Ndiyo maana Wamarekani, tangu miaka ya 1930, wakawa na msemo 'senior citizen', wakikimbilia tena Kilatini.

Kiswahili kimegawa kazi hizo kwa maneno mbalimbali: nguo ni kuukuu, desturi ni ya kale, mwalimu aliyeacha kazi ni wa zamani, na kilichopata hadhi kwa kudumu ni kikongwe. Mji Mkongwe wa Unguja ni jina la sifa. Naye mzee ni mtu na cheo kwa pamoja: Jomo Kenyatta aliitwa Mzee, na asingeweza kuitwa 'Old Man' kwa Kiingereza bila hadhi hiyo kupungua.

Tofauti hii si ya makamusi peke yake. Wakati wa ukoloni, walowezi wa Kenya walimwita mtumishi wao wa kiume 'boy', hata akiwa na wajukuu, na Kiswahili kikalipokea neno hilo kuwa boi. Mtu yuleyule alikuwa mzee barazani kwake na mtoto jikoni mwa mwajiri wake. Miaka yake haikubadilika njiani. Kilichobadilika ni nani mwenye mamlaka ya kumtaja. Basi mfasiri akutanapo na neno la umri, asiulize kwanza miaka mingapi. Aulize nani anamwambia nani, na kwa heshima gani.