Hundi Isiyo na Tarehe: Historia ya Sala Zetu Wakati wa Msiba

Kila hekalu lina historia mbili. Ya kwanza imechongwa katika jiwe la msingi na kuandikwa katika madaftari ya wadhamini: nani alitoa kiwanja, nani alitoa mawe na mbao, nani alisimamia ujenzi. Historia hiyo wasomaji wetu watukufu wataikuta katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha kumbukumbu. Ya pili haikuandikwa popote. Ni historia ya huzuni iliyoletwa mbele ya murti, mwaka baada ya mwaka, na watu waliopanda ngazi zile zile tunazozipanda sisi leo. Sisi si wanazuoni. Ni wafanyabiashara, na masomo yetu yalikomea shule ya sekondari. Lakini tumevuka miaka sitini, na yapo mambo ambayo tusipoyaandika yataondoka pamoja nasi.

Wazee wetu walifika Mombasa kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi kutoka bandari za Mandvi na Porbandar. Waliowaacha nyumbani waliwasiliana nao kwa barua, na barua ilisafiri kwa subira ya upepo. Basi habari ya msiba ilipofika, aliyefariki alikuwa amekwisha kuchomwa zamani na majivu yake kutiwa majini. Mwana aliyekuwa dukani aliweka mizani chini, akafunga mlango, akaoga kama desturi inavyoamuru, akaanza kumlilia baba ambaye huko kwao walikuwa wamemaliza kumlilia. Hakuwa na jamaa wa kumshika mkono. Waliokuja kuketi naye ni wenye maduka jirani, na usiku waliimba bhajani pamoja katika chumba cha nyuma, kati ya magunia ya mchele na makopo ya samli. Hekalu letu lilizaliwa katika vyumba vya namna hiyo kabla halijajengwa kwa mawe.

Wazee hao walipenda sana kusimulia habari za Narsinh Mehta, mtunzi wa bhajani wa mji wa Junagadh katika karne ya 15, ambaye wimbo wake mmoja ulikuja kupendwa mno na Mahatma Gandhi. Inasimuliwa kwamba mahujaji waliokuwa wakielekea Dwarka walitaka kuweka fedha zao, rupia 700, mikononi mwa mfanyabiashara mwaminifu, wapate hundi ya kwenda kuzichukua huko, kwa kuwa njia zilijaa wanyang'anyi. Watu wenye mzaha wakawaelekeza kwa Narsinh, fukara asiye na duka wala akiba. Yeye akapokea fedha, akazitumia kuwalisha wacha Mungu, akaandika hundi kwa jina la Shamalsha Sheth wa Dwarka, yaani Bwana Krishna mwenyewe. Mahujaji walipofika Dwarka waliuliza kila mahali, na hakuna aliyemjua mfanyabiashara wa jina hilo. Ndipo akatokea mtu mmoja aliyevaa kama tajiri wa sokoni, akaisoma ile hundi, akailipa yote.

Kisa hiki kiliwagusa wazee wetu kwa sababu hundi ilikuwa chombo cha kazi yao ya kila siku. Walijua kwamba hundi ni za namna mbili. Ipo hundi ya darshani, inayolipwa papo hapo inapoonyeshwa. Na ipo hundi ya mudati, inayolipwa baada ya muda uliowekwa. Lakini tusisahau sehemu ya pili ya maisha ya Narsinh, ambayo husimuliwa kwa sauti ya chini. Mapokeo yanasema kwamba mtu huyo huyo alimzika moyoni mwanawe Shamaldas aliyekufa kijana, na mkewe Manekbai pia. Hundi ya mahujaji ililipwa, ila mwanawe hakurudishwa. Naye hakuacha kuimba.

Tulikuwa watoto mwaka 1972, tarehe 4 Agosti, Idi Amin alipotangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliacha nyumba, viwanda, mashamba na mahekalu. Wengi waliondoka kwa ndege. Wengine waliletwa kwa gari la moshi hadi bandari yetu ya Mombasa ili wapande meli za kwenda India. Tunawakumbuka mama zetu wakikanda unga na kupika rotli tangu alfajiri. Tunamkumbuka hasa bibi mmoja aliyekuwa na mzigo mdogo kifuani, ambao hakukubali mtu yeyote amshikie. Tulidhani ni dhahabu. Jua lilipokuchwa aliufungua: ilikuwa murti ndogo ya Krishna mchanga, imeviringishwa katika kipande cha sari. Akaiosha, akawasha utambi, akaimba kama mtu aliye nyumbani kwake.

Hundi ya watu wale ilikuwa ya mudati mrefu. Baadaye, hasa katika miaka ya 1990, serikali ya Uganda ilirejesha mali nyingi kwa wenyewe, na kengele zikasikika tena katika mahekalu yaliyokuwa kimya. Lakini wengi waliosali wakati ule walikuwa wamekwisha kufariki ugenini.

Jambo linalotusukuma kuandika, hata hivyo, ni la Ijumaa ya tarehe 26 Januari 2001, Sikukuu ya Jamhuri ya India. Saa 2:46 asubuhi kwa saa za huko, ardhi ya Kutch ilitetemeka. Karibu watu 20,000 walikufa na zaidi ya 160,000 walijeruhiwa. Miji ya Bhuj, Bhachau na Anjar iligeuka vifusi. Mjini Anjar watoto wa shule walikuwa wakiandamana na bendera zao katika njia nyembamba, na majumba ya pande zote mbili yakawaangukia.

Hapa Mombasa ilikuwa saa 12:16 asubuhi. Tulikuwa hekaluni, katika arati. Tulikuwa tumeshika taa mbele ya Mwenyezi Mungu dakika ile ile watoto wale walipofunikwa. Jambo hili lilitutesa kwa miaka, wala hatutajifanya kwamba halikututesa.

Shangazi yetu alikuwa na binti aliyeolewa Anjar. Simu zilikatika, na siku kadhaa zikapita kabla hatujapata habari kwamba mjukuu wake alikuwa miongoni mwa watoto wa maandamano. Kwa mujibu wa sutaka, wafiwa hawaingii hekaluni wala hawagusi vyombo vya ibada mpaka matanga yaishe. Basi shangazi alikuja kila asubuhi akasimama nje, karibu na lango, akiisikiliza kengele. Tulipokwenda kuketi naye jioni, wapo waliotaka kumfariji kwa kumweleza karma na matendo ya maisha yaliyopita. Aliwasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Wanangu, msinitafutie sababu. Imbeni." Tukaimba.

Siku ya kumi na tatu ilipokwisha aliingia ndani, akasimama mbele ya murti kwa muda mrefu bila kuinua mikono. Kisha akachukua ufagio akafagia ukumbi, kama alivyokuwa akifanya kila Jumamosi. Wiki hiyo hiyo alikaa mlangoni kupokea michango ya mablanketi, dawa na fedha za kupeleka Kutch, na kila kilichoingia alikiandika katika daftari kwa mkono wake mwenyewe.

Bhagavad Gita ina milango 18, na mlango wake wa kwanza huitwa Yoga ya Huzuni ya Arjuna. Tuliusoma mara nyingi tulipokuwa vijana bila kujiuliza kwa nini machozi ya askari aliyetupa upinde wake yaitwe yoga. Shangazi ndiye aliyetufunulia. Huzuni inayomwelekea Mungu, hata ikiwa haina neno la kusema, hata ikiwa imesimama nje ya lango, tayari ni ibada. Arjuna hakuficha wala hakukimbia; alilia mbele ya Krishna, na mazungumzo yakaanzia hapo.

Kwa hiyo historia ya sala zetu, tunavyoielewa, si historia ya misiba iliyozuiwa. Sala ya asubuhi ile haikuizuia ardhi kutetemeka. Ilichofanya ni kumpa mwanamke mzee mahali pa kusimama siku kumi na tatu, na kutupa sisi mikono ya kufunga mablanketi. Hekalu la Swaminarayan la Bhuj, lililoharibika siku ile, lilijengwa upya kwa marumaru na kufunguliwa mwaka 2010. Mwaka 2022 ilifunguliwa Smritivan juu ya kilima cha Bhujiyo, bustani ya miti ya kuwakumbuka waliokufa. Shangazi hakuwahi kuiona. Hundi yake haikuandikwa tarehe, naye hakuidai kwa kelele wala hakuichana.

Enyi vijana mtakaoliongoza hekalu hili baada yetu, tunzeni marumaru na madaftari. Lakini asubuhi, kabla ya kufunga mlango baada ya arati, tazameni nje ya lango. Huenda kuna mtu amesimama pale asiyeweza kuingia bado. Pigeni kengele kwa nguvu, aisikie.

Jai Shri Krishna.