Ugonjwa wa Koo Uliomwua George Washington

Katika koo hupita vitu viwili vya lazima kwa uhai wa mwanadamu: chakula na pumzi. Kwa sababu hiyo, ugonjwa wa koo waweza kumwangusha mtu mwenye nguvu kwa muda mfupi sana. Ndivyo alivyofariki George Washington, jemadari aliyeongoza vita vya uhuru wa Marekani, kisha akawa Rais wa kwanza wa nchi hiyo tangu mwaka wa 1789 hata 1797.

Alipoacha urais alirejea shambani kwake Mount Vernon, katika jimbo la Virginia. Tarehe 12 Desemba, 1799, alipanda farasi akazunguka mashamba yake kwa saa nyingi, huku theluji na mvua zikimnyeshea. Kesho yake koo lilimwuma na sauti ikamkauka. Hakujali, alitoka tena kutia alama miti aliyotaka ikatwe. Usiku wa kuamkia tarehe 14, baina ya saa nane na saa tisa, aliamka hawezi kusema vizuri, wala kuvuta pumzi ila kwa taabu.

Dawa kubwa ya siku hizo ilikuwa kutoa damu. Hakuumikwa kwa chuku, kama wafanyavyo baadhi ya waganga wa pwani yetu. Alikatwa mshipa wa mkono, damu ikakingwa chomboni. Msimamizi wa shamba ndiye aliyeanza kazi hiyo asubuhi, kwa amri ya mgonjwa mwenyewe, ingawa mkewe, Martha, aliomba isitolewe nyingi. Kisha akaja daktari James Craik, rafiki yake wa miaka mingi, akaitoa tena. Alasiri wakafika madaktari wengine wawili, Gustavus Brown na Elisha Dick. Siku hiyo moja mzee huyo wa miaka 67 alitolewa damu mara nne, na yakadiriwa kuwa yote ilizidi lita 2.

Dick alikuwa na miaka 37, mdogo kuliko wenzake. Aliwasihi waache kutoa damu, kwani mgonjwa alihitaji nguvu zake zote. Tena alishauri koo litobolewe kwa mbele, ili pumzi ipate njia chini ya mahali palipovimba. Upasuaji huo ulijulikana, lakini ulifanywa kwa nadra na kuogopwa sana. Wakubwa wake walikataa. Baina ya saa nne na saa tano usiku huo Washington alifariki.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa gani? Mpaka leo madaktari hawajapatana. Baadhi yao husema ulikuwa jipu la koo. Nyuma ya kinywa, upande huu na huu, ziko tezi mbili zinazosaidia kukinga mwili na vijidudu. Vijidudu vikizishinda, tezi huvimba na kuuma; ndio ugonjwa uitwao mafindofindo. Mara nyingine usaha hukusanyika kando ya tezi ukawa jipu. Hapo mgonjwa hushikwa na homa, hawezi kufungua kinywa vizuri, mate humchuruzika, na sauti yake huwa kama ya mtu mwenye tonge la moto kinywani. Wengine, nao ni wengi siku hizi, husema kilichovimba ni kidakatonge, yaani kifuniko kidogo kinachoziba njia ya pumzi tumezapo chakula.

Katika karne ya 19 elimu ilianza kumpa haki Dick. Mwaka wa 1825 Bretonneau, daktari wa Ufaransa, alimponya mtoto kwa kumtoboa koo. Baadaye vijidudu vikatambuliwa, na mwaka wa 1928 Alexander Fleming akagundua penisilini mjini London. Leo jipu la koo hutolewa usaha, mgonjwa akapewa dawa za kuua vijidudu, na kwa kawaida hupona. Lakini asiyeweza kumeza mate yake au anayevuta pumzi kwa shida hana budi kupelekwa hospitali mara moja.

Jambo moja zaidi lastahili kukumbukwa. Mapema katika mwaka wa 1800, Brown alimwandikia Craik barua akikiri kwamba, kama wangalimsikiliza Dick na kuacha kutoa damu, huenda rafiki yao angalikuwa hai. Hatuwezi kujua kama angalipona, kwa maana dawa tulizo nazo leo hazikuwako. Wala tusiwadharau madaktari wale: walifuata mafunzo ya zama zao, nao walimpenda mgonjwa wao. Kosa lao lilikuwa kuupima ushauri kwa umri wa msemaji na kwa mazoea, badala ya kutazama hali ya mgonjwa aliyezidi kudhoofika mbele ya macho yao. Brown alikuwa na moyo wa kulikiri kosa hilo, na kwa kukiri namna hiyo elimu ya tiba imepata kusonga mbele.